Joka la Otso Halitaki Kufa

Mjukuu wangu Otso alileta programu ya kompyuta ili vita viishe haraka. Nalisema hilo mapema, mtu asije akanilaumu kwamba nilificha nia yake njema.

Vita vyenyewe vilianza mwezi wa Mei. Watu wanne wazima, wenye kazi, mikopo ya nyumba na maumivu ya mgongo, walikaa kuzunguka meza yangu ya chakula hapa Turku, wakaanza kupigana na joka ndani ya pango. Ilipofika Novemba joka lilikuwa halijambo kabisa. Niliuliza siku moja, kwa upole tu, hivi pambano hili limechukua muda gani kwa saa za huko pangoni. Niilo, mmoja wao, akahesabu kwa vidole, akanijibu bila haya: "Nusu dakika, Bibi. Tunakwenda vizuri."

Mchezo wao ni wa kusimulia. Otso ndiye msimulizi: anaeleza pango, anaeleza giza, anaunguruma kwa niaba ya joka. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu huyo anafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama ameweza. Kila kiumbe ana namba yake ya uhai. Ukipigwa inapungua, ikifika sifuri umekufa na mwenzako anakula mkate wako. Wanacheza kwangu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu meza yangu inavutwa ikawa ndefu. Hivyo ndivyo wanavyosema. Mikate yangu ya iliki haihusiki hata kidogo, ingawa siku niliyougua na sikuoka, meza ilikuwa ndefu vilevile na hakuja mtu.

Niilo anafanya kazi ofisi ya kodi, na kanuni za mchezo anazisoma kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa. Jalmari ni fundi umeme. Kuhusu Jalmari sina la kuongeza, maana naye hajaongeza. Halafu kuna Saimi, daktari wa farasi, ambaye mchezoni ni askari wa kike anayeitwa Halla. Huyo Halla anatafuta mlango. Miaka saba anautafuta, amepita mabwawa, amepita magereza, amelala kwenye theluji, na sasa mlango anauona kwa macho yake. Uko nyuma ya joka.

Shida ni kwamba Saimi alikuwa amepata kazi Gothenburg, na meli ya Uswidi ilikuwa inaondoka jioni ya Jumapili hii ninayoisimulia. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni kwangu, kando ya viatu vya watu. Joka lisipokufa kabla hajavaa viatu, basi mlango haufunguliwi tena. Walikuwa wanaambiana, "Tutamalizia kwenye mtandao," na wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia wakiambiwa na daktari wapunguze chumvi.

Kwa hiyo Otso akaleta Jemadari.

Jemadari ndilo jina la hiyo programu. Zamani Otso aliendesha vita kwa vipande vya karatasi vyenye madoa ya kahawa, na kila mara mtu alikuwa akiuliza, "Zamu ya nani?" na hakuna aliyejua. Zaidi ya hapo, Niilo alikuwa na malalamiko.

"Otso, mwezi uliopita joka lilikuwa na uhai mia na ishirini," alisema wakati mmoja. "Leo lina mia na hamsini. Kwani limekula nini?"

"Niliandika vibaya."

"Wewe huandiki vibaya, ndugu yangu. Wewe unahurumia."

Basi Jemadari alikuja kuondoa huruma. Anapanga zamu, anajumlisha, anatoa, anakumbuka nani ana sumu mwilini na nani ameanguka chali. "Jemadari hadanganyi," Otso alituambia, akichomeka waya kwenye televisheni yangu ili wote waone zamu. Namba ya uhai wa joka ilibaki kwenye kompyuta yake, wachezaji wasiione. Wao kwenye televisheni waliona neno tu: zima, limejeruhiwa, au taabani.

Jemadari alipowashwa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kujisasisha. Tukasubiri. Saimi akatazama saa. Nikamimina kahawa. Jemadari akaomba nywila. Otso akaandika nywila. Jemadari akasema hiyo ni ya zamani. Nikamimina tena.

"Kwa karatasi tungekuwa tumeshapiga raundi nzima," Niilo alisema.

"Karatasi haina usalama," Otso akamjibu.

"Ni kweli. Wadukuzi wengi wanalitaka joka letu."

Mwishowe televisheni ikawaka, na majina yakapangika yenyewe kwa mpangilio wa zamu, mazuri, yenye rangi. Halla wa Saimi, wa kwanza. Wa pili: Bibi. Wa tatu: Joka. Kisha mchawi wa Niilo, kisha yule mpiga mishale wa Jalmari.

Saimi akaisoma orodha tena.

"Bibi ni nani?" Saimi akauliza.

Wakanigeukia. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani, nyuma ya Otso, nafuma soksi za Saimi za kwenda nazo Uswidi. Otso akawa mwekundu masikio. Katikati ya wiki, alipokuwa anajaribu programu hapa kwangu, alihitaji jina la kuandika, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Alinipa uhai wa namba nne. Silaha: sindano ya kufumia. Nilishukuru. Paka wa jirani, nilikuja kuambiwa, kwenye kitabu chao ana mbili.

"Nitamfuta sasa hivi," Otso alisema.

"Hufuti mtu," Niilo alisema.

"Niilo, ni bibi yangu. Yuko kwenye soksi."

"Zamu zimeshapigwa. Aliyeingia hatoki mpaka afe au vita viishe. Hiyo kanuni mliipitisha wenyewe."

Na kweli waliipitisha. Miaka ya nyuma Jalmari alitoka katikati ya pambano kwenda kununua soseji, wakamtoa kwenye zamu, zimwi likampiga Niilo badala yake, na ugomvi wake ulichukua kipupwe kizima. Tangu hapo wakaweka kanuni. Na hawa ni watu ambao usiku wa manane, barabara tupu, hakuna gari wala mbwa, taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu wanasimama kwenye theluji wanaingoja. Hakuna aliyebisha. Nikawa nimeingia pangoni na soksi yangu.

Saimi akapiga kwa upanga. Jemadari akatoa hesabu. Kisha televisheni ikaandika kwa herufi kubwa: ZAMU YA BIBI. Ikagoma kusogea.

"Bibi," Otso aliniambia taratibu, kama anamwamsha mgonjwa. "Unafanya nini?"

"Nafuma."

"Bibi anafuma," Niilo akatangaza, na uso wake ulikuwa na heshima zote. "Ni halali. Kufuma hakuhitaji dadu."

Otso akabonyeza. Jemadari akauliza: Je, una hakika? Otso alikuwa na hakika. Tukaendelea.

Nisidanganye, vita vilichangamka. Joka lilitema moto, likamuunguza mchawi wa Niilo nyusi. Jalmari alitupa dadu akapata nzuri, akainua kidole kimoja, ambacho kwake ni shangwe. Saimi alikuwa anasimama kila zamu yake, hakai tena, mashavu yamewaka. Kila raundi ilipofika kwangu nilisema "nafuma", na kisigino cha soksi ya kwanza kikaisha, kisha soksi yenyewe, nikaanza ya pili.

Kwenye kiti changu kuna faida moja. Wachezaji wanaitazama televisheni, Otso anawatazama wachezaji, na mimi namtazama Otso kisogo na kila kilicho mbele yake. Namba za Jemadari ni kubwa, hata mtu wa miwani anaziona. Niliziona zinashuka. Sitini na kitu. Arobaini na kitu. Mshale wa Jalmari ukaziteremsha hadi tisa.

Tisa tu. Saimi akipiga zamu yake, joka limekwisha, mlango uko wazi, na muda wa kuvaa viatu bado upo tele.

Otso akaitazama ile tisa. Akamtazama Saimi, aliyekuwa anafunga nywele zake upya ili apigane vizuri. Kisha akapeleka kidole, polepole, kama mtu anayechukua kipande cha mwisho cha keki, na kando ya ile tisa akabonyeza tisa nyingine.

Joka likawa na tisini na tisa. Televisheni ikaendelea kusema: limejeruhiwa. Jemadari hadanganyi. Anarudia alichoambiwa.

"Tunywe kahawa," Otso alisema.

"Sasa?" Saimi akamkazia macho. "Otso, nina meli."

"Dakika chache tu. Joka nalo linapumzika."

Wakanywa kahawa. Mimi nilizunguka na sahani ya mikate, na nilipofika kwa mjukuu wangu nikasimama muda kidogo zaidi ya kawaida. Akachukua mkate bila kuniangalia. Mtoto huyu nimemlea. Alipokuwa mdogo alikuwa anaficha kiatu kimoja cha mgeni ili mgeni asiondoke. Nilidhani yameisha. Kumbe kiatu kimekua tu, sasa ni joka.

Nisingesema neno. Watu wazima na waficheane majoka yao. Lakini baada ya kahawa Saimi alitazama saa, akavuta pumzi, akasema:

"Natumia pete."

Hata Jalmari aliinua kichwa.

Hiyo pete nimeisikia miaka. Halla aliipata mwaka wa kwanza kwa mwanamke aliyekuwa anakufa, na inafanya kazi mara moja tu. Alikataa kuitumia kwa mazimwi. Alikataa kuitumia gerezani. Mara moja Halla alibaki na uhai wa namba moja, wote wakampigia kelele, "Tumia pete, Saimi, usiwe mjinga," akasema hapana, hii ni ya mlangoni. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo chai yangu ilipoa nikisubiri kuona kama atakufa.

"Usiitumie," Otso alisema haraka mno.

"Kwa nini? Joka lina ngapi?"

"Siwezi kusema. Kanuni."

"Basi natumia. Nikifika Gothenburg nayo itanisaidia nini, kumtibu farasi?"

Akakusanya dadu zote za mezani, zake na za wenzake, viganja vimejaa, akazitupa. Zilitawanyika mpaka chini ya kabati. Wakazihesabu kwa magoti, Niilo akapiga ukelele, na Jemadari akatoa hesabu: tisini na saba.

Mbele ya Otso ikabaki mbili.

Televisheni ikabadilika: TAABANI. Watu wakaruka. Saimi akamkumbatia Jalmari, ambaye alivumilia. "Limekufa? Limekufa?"

"Bado," Otso alisema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Bado? Baada ya pete?" Saimi alikaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika dukani akakuta wamefunga. Na kidole cha Otso, nikakiona, kimeanza safari yake kuelekea kwenye tisa.

Lakini televisheni ilikuwa imeshaandika: ZAMU YA BIBI.

"Bibi anafuma," Otso alisema, na mkono wa pili ukaenda kubonyeza.

"Bibi hafumi," nikasema. "Bibi anataka kulichoma joka sindano."

Wakacheka, na walikuwa na haki. Niilo akainuka kitini, akainama kabisa. "Bibi! Joka lina ukubwa wa kanisa!"

"Na mimi nina sindano namba tatu. Nipe dadu. Sitaki ya kompyuta, nipe ya mkono."

Wakanipa ile kubwa yenye pande nyingi. Niilo akanieleza kwamba nikipata kumi na tano au zaidi nimepiga, chini ya hapo nimekosa, na nikikosa joka litanila kwa kuwa nimejitangaza, "na una uhai nne tu, Bibi, nakupenda lakini kanuni ni kanuni." Nikatupa.

Nne.

"Umekosa," Niilo alisema, kwa huzuni ya kweli. "Pole sana, Bibi."

Otso alikuwa amenigeukia kwa mara ya kwanza tangu kahawa. Nikaokota soksi yangu, nikatafuta nyuzi nilipoishia.

"Sawa, nimekosa," nikamwambia. "Endelea, mwanangu. Ongeza."

Neno hilo moja tu. Wengine liliwapita hewani. Yeye lilimwingia, maana masikio yalianza kuwaka, wekundu ukashuka shingoni, ukaingia ndani ya sweta. Alitazama kompyuta. Alitazama sanduku la Saimi pale mlangoni.

"Umelipiga," alisema.

"Nani kapiga?" Niilo akauliza.

"Bibi. Amelipiga. Limekufa."

"Kwa nne?" Niilo alisimama tena, lakini safari hii hakuinama. "Otso! Nne haigusi hata ukuta! Na hata angelipiga, sindano inatoa uhai ngapi, mbili, tatu? Joka lilikuwa limebakiwa na ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu? Baada ya pete?" Saimi alikuwa anamwangalia sana. Daktari wa farasi amezoea kuuliza kitu kisichojibu. "Kabla ya kahawa lilikuwa na ngapi?"

Otso akainua kikombe chake, kilikuwa kitupu.

"Otso, nimekuuliza."

"Tisa. Nikaweka tisini na tisa."

"Kwa hiyo pete yangu ..."

"Ndiyo."

"Miaka saba nimeitunza."

"Najua."

"Ulikuwa unaongeza tena, siyo? Nimekuona mkono."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo lugha ya nchi hii inapoisha. Tulikaa. Nilisikia jokofu jikoni. Niilo alifungua kitabu cha kanuni, pengine kulikuwa na ukurasa. Dakika zikapita, na katika kimya kile ikasikika sauti ambayo hatukuitambua mara moja.

"Hataki uondoke," Jalmari alisema.

Tulimgeukia kama vile kabati limezungumza. Naye alichukua mkate, akauma, kazi yake ya mwaka imekwisha.

Saimi hakucheka wala hakulia. Alimtazama Otso, kisha akamtazama Jemadari kwenye televisheni, aliyekuwa anamsubiri mtu abonyeze, mwenye subira, mwenye rangi nzuri.

"Mimi naondoka," alisema. "Joka likifa, lisipokufa, naondoka. Ungeniambia tu, Otso. Ningeondoka vilevile, lakini ungeniambia."

"Najua."

"Haya. Joka limekufa?"

"Limekufa."

"Basi nafungua mlango."

Na hapo mjukuu wangu akafungua kompyuta, akapekua huku, akapekua kule, na mimi niliyekaa nyuma niliona wazi alichokuwa nacho kuhusu mlango ule. Hakuwa na kitu. Miaka saba watu wameutafuta, yeye aliandika historia ya wafalme wa mabwawa, aliandika bei za kondoo za kila mji, na nyuma ya mlango hakuandika hata neno, kwa sababu hakupanga kabisa mtu afike. Jemadari naye hakuwa na msaada. Anajua kupiga tu.

Otso akakifunga kifuniko cha kompyuta. Televisheni ikazimika.

"Unausukuma mlango," alisema. "Ni mzito. Nje kuna baridi. Kuna gati, na meli imewasha taa zote."

"Inakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe. Gatini kuna watu watatu wamesimama."

"Wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Hawajui kuaga. Mmoja ameshika kitabu cha kanuni."

"Mwongo," Niilo alisema, akipangusa pua. "Nimekiacha pangoni."

"Na yule mwingine?" Saimi akauliza.

"Yule mwingine ana jambo la kukwambia. Amechelewa nalo miaka, na anajua ni ujinga kulisema meli ikiwa imewasha taa."

"Aseme. Meli inasubiri dakika."

"Atakukosa," Otso alisema. "Kila Jumapili."

Niilo aliuliza kama hapo panatakiwa dadu. Saimi akamwambia anyamaze. Halafu akainuka, akasema Halla anapanda meli, na Saimi naye akaenda kutafuta viatu vyake, ambavyo vyote viwili, nilihakikisha, vilikuwapo.

Waliondoka wote kumpeleka bandarini kwa gari la Jalmari. Kabla hajatoka, Saimi alikuja kunikumbatia, akaninong'oneza, "Asante kwa sindano, Bibi." Nikampa zawadi yake iliyofungwa kwenye karatasi. Akaibonyeza.

"Ni moja?"

"Ni moja. Vita vilikwenda haraka mno, mwanangu, sikuwahi. Jemadari huyu hatari. Ya pili utaifuata Krismasi."

Akanitazama kidogo, akatazama kiti changu, akacheka, akatoka.

Nilimsema sana Otso aliporudi. Nilimwambia mtu hazuiwi kwa hila, mtu mzima anaambiwa ukweli usoni na anaachwa aende zake. Alinisikiliza kwa adabu, akanikubalia yote, akanisaidia kuosha vikombe. Nilimsema nikiwa nimekaa, na sikuinuka mpaka alipokwenda zake, maana soksi ya pili ilikuwa imebaki kufungwa uzi wa mwisho tu, na nilikuwa nimeikalia.